Unga Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Hospitali wametupa madaftari mawili. La kwanza la kuandika kila anachokula binti yangu. Hilo analo shemeji, mdogo wa mke wangu aliyekuja kumuuguza binti, mwandiko wake mzuri. La pili likabaki. Nimelichukua. Shule sikukaa sana, ila ninachokiona naweza kukiandika. Na siku hizi naona mambo.

Binti yangu ana siliaki. Maana yake ngano ni adui. Ngano ina kitu ndani, wanakiita gluteni. Kikiingia tumboni mwake, mwili unageuka unaupiga utumbo wake wenyewe. Mkate, biskuti, tambi, hata chembe ya unga. Dawa haipo. Dawa ni kutokula, maisha yote. Ila kuna watu wanaitafuta, pale hospitali, jengo la nyuma, na binti yangu yumo kwenye utafiti wao. Vidonge viwili kwa siku. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu kidonge kitupu, na hakuna anayejua nani kapewa nini. Hata daktari hajui. Nilimwambia hiyo si kazi, hiyo ni bahati nasibu. Akacheka.

Daktari mwenyewe ni mwanamke mfupi. Chumba chake kina friji saba, zinanguruma mchana kutwa. Namwita Daktari wa Mafriji.

Leo kapima mkojo wa binti. Una ngano. Mara ya pili. Akasema ikifika ya tatu anatolewa, hawawezi kupima dawa kwa mtu anayekula ngano kwa siri. Binti akaapa hali. Shemeji akaapa halishi. Wote wakanigeukia.

Mimi? Nilikuwa nimevaa shati langu la kutokea, nimenyoa, nimekaa kama bwana harusi. Nikaapa pia. Mkate siuonji nyumbani tangu Januari. Nala kazini, nasukutua, naondoka.

Kutoka hapo nikaenda kazini, nikabeba magunia mpaka saa kumi. Nyumbani nikakung'uta nguo nyuma ya mlango kama kawaida. Nikakaa. Nikafikiri. Kuna mtu anamlisha mtoto wangu ngano humu ndani. Nitamkamata.

Jumanne, 4 Machi

Nimekuta nyayo.

Nabeba magunia kiwanda cha unga wa ngano, mwaka wa ishirini na mbili huu. Natoka pale mweupe kuanzia nyusi mpaka kucha. Wenzangu wananiita Sanda. Watoto wa mtaa wakiniona wanavuka barabara. Nimezoea mimi kutisha watu. Leo nimetishwa.

Nyumba tupu. Binti kwa fundi cherehani, anajifunza kushona. Shemeji sokoni. Jikoni sakafu imekauka, na juu yake nyayo nyeupe za kandambili. Ndogo. Za mwanamke. Zimetoka mlangoni, zimezunguka kabati, zimeishia mlango wa chumba cha binti. Na unyayo wa kushoto una pengo kisiginoni, kama umeng'atwa.

Hilo pengo nalijua. Mke wangu aliangushia pasi ya moto kandambili yake. Nilimcheka siku nzima. Akazivaa hivyo hivyo mpaka alipokufa. Mwaka wa sita sasa.

Nikachungulia uvunguni. Kandambili zimo ndani ya boksi lake. Kavu. Safi kuliko nilivyoziacha.

Nikakaa kitandani. Saa ya simu inasema kumi na nusu, jua liko dirishani, jirani anapiga redio. Na mimi nywele zimesimama.

Jumatano, 5 Machi

Sikuandika jambo moja. Naliandika leo.

Mwezi uliopita Daktari wa Mafriji aliniita peke yangu. Akasema marehemu alipolazwa hapo walichukua damu yake, ikabaki kwenye baridi miaka yote. Ugonjwa huu unafuata damu ya familia, basi wameitoa, wameiyeyusha, wameipima. Mama naye alikuwa nao. Hakuna aliyewaza kuupima wakati ule.

Alikuwa na kilo thelathini na nne alipokufa. Nilikuwa namletea mkate kila siku. Mkate laini, wa kwanza kutoka tanuri. Nikimwambia kula mke wangu, upate nguvu. Anakula, kunifurahisha.

Nilimuuliza daktari ni friji ipi. Akaonyesha ya nne. Nikatoka.

Sasa hesabu ni rahisi. Wamemtoa kwenye baridi. Amezinduka. Amerudi nyumbani, njaa ya miaka sita, hajui kuwa ngano ni sumu. Anamlisha mwanangu mkate kama mimi nilivyomlisha yeye.

Nilimwambia Mpima Mizani kazini, huyu anayepima magunia na kunidharau tangu tuko vijana. Sikusema ni nani, nilisema mwizi. Akasema, Sanda, wewe umezaliwa ndani ya unga na bado unauliza? Nyunyiza unga sakafuni. Mwizi ataacha miguu.

Ana dharau lakini ana akili. Nimeleta konzi mbili za unga mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

Binti na shemeji wameondoka alfajiri. Leo ni siku ya bomba. Wanamwingiza bomba lenye kamera kooni, wanatazama utumbo, wanakata vipande vidogo vya kupima. Mchana kutwa huko.

Nilibaki nyuma. Nikanyunyiza nyuma ya mlango. Nikanyunyiza mbele ya kabati la binti, lile lenye sufuria zake peke yake. Kisha nikazungushia kitanda chake duara zima. Kumlinda. Nikafunga mlango. Funguo moja ninayo mimi, nyingine iko kwenye mkoba wa shemeji, hospitali.

Nimerudi saa kumi. Nikafungua taratibu.

Nyuma ya mlango, hakuna. Kabatini, hakuna. Nikashukuru. Nikaingia chumbani.

Unyayo mmoja. Mmoja tu. Wa kushoto, pengo kisiginoni, vidole vimeelekea kitanda. Na duara limekatwa upande wa mto. Limepanguswa, kama mtu kapitisha kiganja.

Anataka kumfikia. Nilisimama pale nikiwa nimeshika koleo la jikoni, sijui nilitaka kumbana nani.

Nikafagia haraka kabla hawajarudi. Vumbi likapanda mpaka darini. Nikapiga chafya saba. Likatua tena polepole, juu ya shuka, juu ya mto. Nikaukung'uta mto. Nyumba ikawa sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu ya kamera. Daktari kachora kwa kalamu. Utumbo mzima una vinyweleo, kama zulia jipya. Wa binti umelala, zulia la mlangoni lililokanyagwa na kila mtu. Chakula kinapita juu kinaenda zake. Ndiyo maana anakula na anakonda.

Kilo thelathini na saba.

Daktari kasema kipimo cha tatu cha mkojo ni Ijumaa ijayo. Shemeji kasema amesugua sufuria hadi zinatoboka, hajui afanye nini zaidi. Akaniangalia. Nikaangalia friji ya nne. Nikaisalimia kimoyomoyo, nikamwambia mama watoto, tulia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata wazo lingine. Kama vidonge vya binti ni vitupu, kelele zote hizi ni za bure. Kama ni dawa, tupigane. Lazima kujua.

Shemeji alipokuwa anaoga nikachukua kidonge kimoja kwenye chupa. Nikakimeza. Nikatoka mpaka duka la kona, nikala mkate nusu, mkavu, bila chai. Nikakaa kwenye jiwe nikasubiri tumbo.

Saa tatu nzima. Tumbo kimya. Hata gesi.

Basi ni dawa kweli, na inafanya kazi vizuri sana. Nimerudi nyumbani nimefurahi. Sikumwambia mtu. Watafiti wana mafriji saba na hawakuwaza hili.

Jumatatu, 10 Machi

Nyayo tena, jikoni. Nne. Kandambili ziko kwenye boksi, zina unyevu.

Mpima Mizani nikamwambia ukweli, kwamba mwizi ni marehemu. Hakucheka. Akashusha sauti, akasema basi mpe anachotaka, mwekee nje ashibe huko huko, hataingia. Alitazama kando alipokuwa anasema. Sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake huwa hivyo hivyo.

Nimeweka kipande cha mkate dirishani kwa nje. Mkate laini.

Saa moja baadaye shemeji akaingia amekishika kwa koleo, mbali na mwili, kama panya mfu. Akauliza, shemeji, hiki nini? Nikasema ndege wamekileta. Akasema ndege gani wanaokata mkate kwa kisu? Nikasema siku hizi ndege ni wengi.

Alinitazama muda mrefu. Ana macho ya dada yake. Sikuwahi kuyaona mpaka leo.

Jumatano, 12 Machi

Binti kaanguka bafuni. Nilimbeba. Nabeba gunia la kilo tisini bila kusema neno, miaka ishirini na mbili. Huyu nilitaka kulia, kwa sababu hakuwa na uzito.

Nilikuwa ndio kwanza nimetoka kazini. Aliegemeza uso kwenye shati langu, akalala hapo mpaka kizunguzungu kikapita. Alipoinuka ana shavu moja jeupe.

Akaniuliza, baba, mama naye alikuwa hivi? Nikasema hapana mama, mama yako alikuwa mnene. Akatabasamu. Anajua mimi ni mwongo, ila huwa ananiachia.

Akasema wakimtoa kwenye utafiti hatakuwa na pa kwenda. Kutokula ngano peke yake hakumsaidii, amejaribu mwaka mzima, na hajui anakosea wapi. Akasema, baba, sijala. Naapa kwa mama. Nikamwambia usimtaje kwa sauti.

Kesho siendi kazini. Kesho namkamata kwa mikono yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia nyapara nina mgongo. Nimewaaga nyumbani kama kawaida, nimezunguka nyumba, nimerudi kwa dirisha la chumba changu. Nikajificha nyuma ya pazia la kugawa jikoni na chumba. Pazia linafika juu ya vifundo vya miguu. Naona sakafu tu.

Saa sita. Saa sita na nusu. Hata jirani kazima redio. Nasikia inzi.

Kisha hatua. Polepole. Sauti ya majimaji. Zikaingia chini ya pazia, mbele ya macho yangu: kandambili. Ya kushoto ina pengo. Na ndani yake miguu. Miguu ninayoijua, kidole cha pili kirefu kuliko kikubwa.

Zikasimama.

Nikamwita. Jina lake la chumbani, ambalo sikulitamka miaka sita na sitaliandika hapa. Nikamwambia mwache mtoto, kama ni mkate nichukue mimi, ni mimi niliyekulisha.

Vidole vikajikunja ndani ya kandambili.

Kisha pazia likafunguka. Shemeji, na tambara la kupigia deki mkononi. Akasema, shemeji, unafanya nini nyuma ya pazia mchana huu?

Nilikaa chini.

Kumbe ni yeye. Kandambili zake zilikatika siku ile ile aliyofika. Aliona haya kuniomba za marehemu, binti akampa, kila akimaliza deki anazisuuza anazirudisha kwenye boksi. Anapiga deki mara mbili kwa siku. Kwa sababu yangu, anasema. Kwamba ninavyoingia napukutisha unga kama mti, na yeye hapendi kumwambia mwenye nyumba avue nguo nje. Mguu wake na wa dada yake ni mmoja. Tumbo moja.

Nikacheka mpaka machozi. Akacheka na yeye, kidogo. Nikasema umenitesa wewe, Alhamisi iliyopita ulinitoa roho, ule unyayo mmoja pale kitandani.

Akaacha kucheka. Akasema, Alhamisi iliyopita si nilikuwa hospitali na mtoto, kuanzia alfajiri? Funguo si ilikuwa mkobani mwangu?

Tukatazama chini, wote wawili, miguuni pake. Akavua kandambili. Akazisogeza pembeni kwa kidole, bila haraka, kama anamsogeza paka aliyelala.

Ijumaa, 14 Machi

Nilichelewa kutoka kazini, magari ya kupakia yalikuwa mengi. Nikaenda hospitali moja kwa moja na nguo za kazi. Mara ya kwanza. Mlinzi hakutaka kunifungulia.

Nimeingia. Mkojo wa tatu una ngano, nyingi kuliko mara zote. Na vidonge vimehesabiwa, kimepungua kimoja. Binti anatazama sakafu. Daktari kashika kalamu juu ya faili.

Nikaketi. Nikasema kidonge ni mimi. Nikaeleza na mkate nusu, na kwamba dawa yao ni nzuri, tumbo langu halikusema kitu. Daktari akaniuliza kama mimi nina siliaki. Nikasema sina. Akaniuliza kama mkate huwa unanisumbua. Nikasema haujawahi. Akafumba macho kidogo.

Alipoyafumbua hakunitazama mimi. Alitazama kiti. Kiti chake ni cheusi. Nilikuwa nimejiinua kidogo kumpisha nesi, na kiti chote kimebaki na umbo langu, jeupe, mgongo na makalio na mikono, kama nimekufa hapo nikaondoka.

Akauliza polepole, baba, nyumbani unaingia hivi?

Nikasema naingia msafi, nakung'uta kwanza. Wapi? Nyuma ya mlango. Mlango wa nje? Hapana, ndani, nje kuna upepo.

Shemeji akaweka mkono mdomoni. Nikaona nimalize yote. Nikataja konzi mbili. Nikataja duara la kitanda. Binti akainua uso akasema, baba. Basi.

Daktari akaeleza kama unavyomweleza mtoto. Unga ukiwa hewani unatua kwenye sahani, kwenye kikombe, puani, unamezwa. Chembe inatosha. Mimi ndiye mkate. Nimekuwa nikitembea nao nyumbani.

Mimi nikafikiria shati langu. Kila siku miaka ishirini na mbili. Mke wangu alikuwa ananipokea mlangoni, analikumbatia hivyo hivyo.

Hakumtoa. Alisema kosa si la mgonjwa, atawaandikia wakubwa zake, tumepewa siku kumi. Nyumba isafishwe yote. Mimi nioge kazini, nivae kazini, nguo za unga zilale huko huko. Kipimo kikiwa safi, anabaki. Kisipokuwa, basi.

Nikatoka nikiwa nimeshika kofia. Nilipita mbele ya friji ya nne. Nahisi ilinguruma zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Tumeosha. Dari, kuta, kitasa, redio. Godoro limechomwa, limenunuliwa jipya. Shemeji anaongoza kama nyapara, ananiambia shemeji rudia pale, naye sasa haoni haya hata kidogo. Maji ya kwanza yalitoka kama uji.

Kandambili zina nyufa, nyufa zina unga. Shemeji akazifunga ndani ya mifuko mitatu ya nailoni. Kasema anaondoka nazo kwake. Binti alizishika kwanza. Mimi sikuzishika.

Jumatatu, 24 Machi

Safi.

Daktari katuonyesha kile kikaratasi cha kupimia, mstari mmoja tu. Binti anabaki kwenye utafiti. Kilo thelathini na tisa. Jana kala wali sahani mbili, akaomba ukoko. Nilienda nje nikasimama kidogo.

Nikamuuliza daktari damu ya mama iko wapi. Akasema wamekwisha kuirudisha kwenye baridi. Nikamuuliza mfuniko unabana vizuri? Akasema unabana. Nikamwambia sawa, nauliza tu.

Shemeji kaondoka na begi lake, na mifuko mitatu. Mlangoni akanishika mkono akasema, shemeji, tafadhali. Hakusema tafadhali nini. Nikasema nimeelewa.

Jumatano, 26 Machi

Nimeelewa kweli. Naoga kazini, Mpima Mizani ananiimbia nikijipaka sabuni. Wameacha kuniita Sanda. Naingia nyumbani na nguo safi, hata mtaani watoto hawavuki barabara.

Ila nyumba imenyamaza. Sakafu inang'aa, hata nyayo zangu mwenyewe hazionekani. Najiuliza ule unyayo mmoja. Shemeji hakuwepo. Binti hakuwepo. Funguo zilikuwa mbili.

Sitaki ubaya. Nataka kujua tu kama anakuja. Na nina neno moja la kumwambia, kuhusu mkate.

Jana nilileta unga ndani ya kiberiti, leo asubuhi nimeunyunyiza. Kiberiti kimoja. Huo si unga, ni kipimo, hata watafiti wanapima. Sikuweka chumbani kwa binti, mimi si mjinga. Nimeweka nyuma ya mlango tu. Mtoto halali nyuma ya mlango. Yuko kwa fundi mpaka jioni, shemeji yuko kwake, funguo zote mbili ninazo mimi.

Nimerudi saa kumi. Nikafungua taratibu.

Nyuma ya mlango hakuna unga. Hakuna unyayo. Pamepigwa deki, kipande kile tu, ukubwa wa sinia, bado hapajakauka. Tambara limekamuliwa, limetundikwa msumarini, ule msumari aliokuwa akiutumia mke wangu.

Nimekaa natazama mpaka pamekauka.

Kiberiti kimoja kilikuwa kidogo. Hakuweza kuacha alama. Kesho naleta viwili.